Kasuku wa Wimbo Wake Mwenyewe

Mtu akitamka "enzi za dhahabu za redio" mbele ya Nicasia Simarra, ajue amejitafutia. Nicasia hulitua beseni lake la kashata, hujishika kiuno na kuuliza, "Dhahabu ya nani?" Hasubiri kujibiwa. Jibu analo, amekaa nalo tangu ujana wake, na limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Wala usidhani hakuipenda redio. Aliipenda kuliko alivyompenda mumewe, na mumewe alilijua hilo. Siku hizo mtu angeweza kutembea mtaa wetu mzima hapa mjini Barranquilla, kuanzia kwenye mfereji hadi uwanja wa mpira, bila kupitwa na ubeti hata mmoja, maana katika kila dirisha ilikuwa imefunguliwa Redio Trupillo. Wanawake walifua kwa mdundo wake. Mtu akitoka kijijini, redio ilitangaza kati ya nyimbo mbili kwamba mama wa fulani ameteremka kwenye basi na ana mzigo, aendewe. Na aliendewa. Leo hii redio zina nyimbo kumi, zinazunguka kama punda wa kinu, na mtangazaji hajui hata wewe unaishi wapi.

Bwana wa Redio Trupillo alikuwa Don Eparquio Charris. Sauti yake, jamani! Akisema ni saa nne, saa zote za mtaani zilijiona zina makosa. Alikuwa na sifa moja kubwa kuliko zote: hakuwahi kuacha hewa ikae kimya. Siku moja mashine ya santuri iliharibika, akasoma maandishi ya pakiti za dawa ya minyoo mpaka fundi alipofika, na watu walisikiliza mpaka mwisho.

Nicasia alikuwa binti tu, ametoka kijijini Palenque na beseni kichwani kama mama zake wote, anauza kashata na mapapai chini ya dirisha la kituo. Akikosa wateja aliimba. Aliimba kwa lugha ya kwao, kipalenque, lugha ambayo wazee wetu waliotoroka utumwa waliijenga wenyewe huko vilimani. Mjini lugha hiyo ilikuwa aibu. Ukiizungumza ndani ya basi watu walicheka, na watoto walikufuata nyuma wakilia kama wanyama. Wengi wetu tuliimeza. Nicasia hakuimeza, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na kichwa kigumu.

Don Eparquio akamsikia, akamwita ndani pamoja na wapiga ngoma wawili wa kwao, wote marehemu sasa. Wakarekodi wimbo mmoja. Ikatengenezwa santuri moja tu, na katikati yake ikabandikwa karatasi ya buluu yenye jina: Nicasia Simarra. Binti hakujua kusoma vizuri, lakini jina lake alilijua. Aliliangalia kwa muda unaotosha kumenya chungwa. Kisha Don Eparquio akalowesha ile karatasi, akachukua kisu, akaikwangua yote mbele ya macho yake.

Alimweleza asione vibaya, ndivyo kazi ilivyo. Na hakudanganya. Miaka ile kila mwenye redio na kila mwenye maspika ya kupigia dansi mtaani alikwangua karatasi za santuri zake, ili wapelelezi wa wapinzani wakichungulia wasijue wimbo ni upi wala ni wa nani. Thamani ya wimbo ilikuwa uwe nao wewe peke yako. Ndiyo maana pia alizungumza katikati ya wimbo kila alipoupiga, mtu asije akaunasa kwenye kanda ukiwa safi. Hayo Nicasia aliyaelewa. La pili ndilo lililokuja kumchoma.

"Watu wanataka vitu vya melini," Don Eparquio alimwambia. "Tuseme baharia ameuleta kutoka Afrika. Kanivali ikipita, nitawatangazia ni wewe. Watazimia."

Kanivali ikaja, zile siku za ngoma mitaani kabla ya Kwaresima, na wimbo ukauwasha mji. Kwa redio hiyo hiyo ulisikika harusini, ulisikika kwa kinyozi, ulisikika kwenye majumba ya ghorofa ambako Nicasia alipitia mlango wa nyuma. Wale wale waliomcheka ndani ya basi walifumba macho wakicheza, wakisema, ama kweli hawa Waafrika wamejaliwa, lugha tamu kama asali. Hasira gani nikueleze? Mtu anatemea mate chakula chako mchana, halafu usiku anakilamba kwa jirani akidhani kimepikwa ng'ambo.

Kanivali ikapita. Don Eparquio akasema tungoje Pasaka. Pasaka ikapita, akasema tutaona. Baadaye akawa hatoki tena dirishani. Nicasia akaamua kusema mwenyewe, na hapo ndipo alipoonja utamu wa dunia. Alipoimba sokoni kuthibitisha, watu walimpigia makofi, wakamwambia hujambo kwa kuimba, lakini yule wa Afrika anakushinda. Wakamwita Kasuku. Jina likashika. Watoto waliokuwa hawajazaliwa wimbo ulipotoka wakakua wakimwita Bibi Kasuku, tena kwa heshima zote, na wakimsalimia hushika mikono kifuani.

Sisi Wapalenque tulijua. Tungekosaje kujua? Tulisikia maneno, tuliijua sauti, tulimjua na mama aliyemzaa. Lakini nani alituuliza? Na wachache waliosema waliambiwa wanajipendekeza kwa Afrika.

Mvumilivu hula mbivu, shoga yake Ereilda alikuwa akimliwaza. Ereilda huuza matonge ya mtama na sukari guru pembeni yake, na ni mwanamke wa amani. Nicasia alimjibu kwamba mbivu zake zimeoza mtini huku akizitazama, na kwamba hataki fidia, hataki sanamu, hataki hata kuombwa radhi. Anataka kitu kimoja kabla hajafa: jina lake litamkwe redioni, na yule yule aliyelikwangua.

Basi mwaka huu, Jumamosi moja kabla ya Kanivali, redio mpya ya mjini ikaandaa tamasha uwanjani kwetu: Alasiri ya Enzi za Dhahabu, moja kwa moja hewani. Mgeni wa heshima, Don Eparquio Charris, na ile santuri yake isiyo na jina. Redio Trupillo yenyewe ilishafungwa zamani, santuri zake nyingine zikatupwa mferejini, lakini hiyo moja mzee aliondoka nayo kwapani na hajawahi kumwazima mtu.

Mtangazaji wa redio mpya, kijana anayeitwa Yeison, mwenye miwani mikubwa na adabu nyingi, akamfuata Nicasia kwenye beseni lake. Akamwambia amesikia sifa zake. Angependa apande jukwaani aimbe pamoja na santuri, watu wafurahi kuona alivyoweza kuuiga wimbo bila hata kujua lugha yenyewe.

Ereilda aliinamisha uso, akajua leo kijana wa watu analiwa. Lakini Nicasia alikunja tu vidole vyake, akasema atakuja.

"Unakwenda kujidhalilisha," Ereilda alimwambia kijana alipoondoka.

"Nakwenda kuchukua changu," alisema Nicasia. "Njoo ujionee."

Siku ilipofika alivaa gauni lake la njano na kufunga kilemba kipya. Alikuja na beseni, kwa sababu yeye na beseni hawaachani. Don Eparquio alikuwa ameketi nyuma ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki, shati jeupe limepigwa pasi hadi kwenye kola, santuri mapajani. Amezeeka, lakini kinywa kile bado. Nicasia hakumsalimu. Alimwambia kwamba leo ndiyo leo, aseme mara moja tu, basi, yaishe.

Mzee alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwudhi Nicasia kuliko matusi yote.

"Nicasia, binti yangu, waache watu na kumbukumbu zao. Hawa wameoana kwa wimbo ule. Ukiwaambia leo ulitoka chini ya dirisha, kwenye beseni la mapapai, utawabakishia nini?"

"Na mimi umenibakishia nini?"

Don Eparquio akafuta vumbi lisilokuwepo kwenye santuri. "Tutaona," akasema.

Tutaona. Neno lile lile, halijafuliwa wala kupigwa pasi.

Uwanja ulijaa. Yeison akampandisha mzee na kiti chake, watu wakasimama. Mzee akasimulia habari za baharia, na mwaka huu baharia ameongezewa jino la dhahabu na jeraha la kisu. Sauti ilitoka kifuani mwake kama zamani, na nakuambia kweli, hata mimi niliyejua uongo wote nilisisimka. Akaweka sindano. Ngoma za marehemu wawili zikapiga, na sauti ya binti ikapanda juu yake. Watu walilia. Wanaume wazima wakashikana mabega.

Nicasia akapanda jukwaani na beseni lake, akaimba sambamba na ujana wake. Sauti ilikuwa imeshuka kidogo, lakini kila pumzi ilikutana na pumzi mahali pake. Makofi yakavuma. Kasuku! Kasuku! Mama mmoja wa mbele, amejipamba manyoya, akasema kwa masikitiko kwamba laiti angezaliwa Afrika. Na Yeison, maskini ya Mungu, akaleta kipaza sauti mdomoni.

"Mabibi na mabwana, utadhani anaelewa anachoimba!"

Nicasia akamnyang'anya kipaza sauti. Hakupiga kelele.

"Ninaelewa," alisema. "Nilimwimbia mama mmoja wa mtaa wa matajiri. Sikilizeni mnachokichezea.

Bibi wa ghorofani, umeliminya papai langu,
umeliminya huku, umeliminya kule,
kununua hununui.
Limelainika mikononi mwako, bibi,
sasa nani atalila?"

Kule nyuma, kina mama wa Palenque na mabeseni yao wakaangua kicheko, maana ndivyo wimbo unavyosema, neno kwa neno. Ereilda, yule mwanamke wa amani, akapaza sauti kwamba ndivyo hasa, na kila Mpalenque anajua. Watu wakageuka kumtazama Don Eparquio. Ilikuwa zamu yake. Neno moja lingetosha.

Don Eparquio akatabasamu. "Mama huyu ni mcheshi kweli," akasema. "Mpigieni makofi."

Nao wakapiga. Wakapiga, Mungu wangu, na wengine walicheka mpaka wakafuta machozi.

Ndipo Nicasia alipoinama kwenye beseni lake, akachukua kisu cha kukatia kashata. Akaiondoa sindano. Akaishika santuri kwa mkono wa kushoto, akaikwangua kwa wa kulia, kuanzia ukingoni hadi katikati, taratibu, kama mtu anayepara samaki. Kisha akageuza mkono na kuikwangua tena kwa kukatisha mikwaruzo ya kwanza. Kipaza sauti kilikuwa kwapani mwake, hivyo mkwaruzo ule ulisikika kwenye kila redio ya mji. Alipomaliza aliiweka mapajani kwa mzee, kwa adabu, kama anamrudishia sahani iliyooshwa.

Uwanja ukanyamaza. Hewa nayo ikanyamaza. Ukimya wa redio ni kitu kibaya, unadhani mtu amekufa.

"Mama," Yeison alinong'ona, "ilikuwa moja tu duniani. Umeuua wimbo."

"Haujafa. Uko hapa." Nicasia akajigusa koo. "Sasa ninao mimi peke yangu. Si ndivyo kazi ilivyo? Anayeutaka aniite kwa jina langu."

Kijana akageuka huku na huku. Ni hapo alipogundua kwamba hakuwahi kumwuliza. "Jina lako ni nani, mama?"

"Muulize yeye."

Kijana akakichukua kipaza sauti kwapani mwa Nicasia, akampelekea Don Eparquio. Mzee alikuwa akipapasa mikwaruzo kwa kidole gumba. Watu walingoja. Redio zote za mji zilingoja, hazitoi hata pumzi, na kila aliyekuwa akisikiliza alidhani betri zimeisha. Nilimwona mzee anavyohangaika. Uongo angeweza kuubeba hadi kaburini, alishauzoea. Lakini ukimya hewani, yeye? Mdomo wake ulianza kutetemeka wenyewe, kama wa mtu anayezuia chafya. Akatazama pembeni kama anatafuta pakiti ya dawa ya minyoo. Haikuwepo. Kilichokuwepo ni jina moja tu.

"Nicasia Simarra," alisema Don Eparquio Charris, kwa ile sauti ya kurekebishia saa. "Wimbo ni wa Nicasia Simarra, wa Palenque."

Hakuna aliyepiga makofi. Nicasia alikuwa amekwisha kuweka kata yake kichwani na kulipandisha beseni juu yake. Akalisawazisha, akamtazama mzee usoni.

"Tena," akamwambia. "Kule nyuma hawakusikia."