Mti wa Krismasi Nilioung'oa Mpakani

Nianze na matokeo, nisije nikamweka mtu roho juu: hatukushinda. Walioshinda ni nyumba ya fundi baiskeli, aliyepanga magurudumu mabovu kuanzia kubwa hadi dogo, akayasokotea majani mabichi katikati ya spoki, na juu kabisa akaweka kengele ya baiskeli. Kila mtoto aliyeingia alitaka kuipiga. Walistahili. Mimi mwaka huo nilitoka na kitu kingine, na mpaka leo nikikikumbuka navuta pumzi ndefu.

Jumuiya yetu kule Rubya ilikuwa imetangaza kwamba mkesha wa Krismasi kamati itapita nyumba kwa nyumba kutazama miti. Sharti lilikuwa moja: usinunue kitu, mti na mapambo vitoke kibanjani mwako. Nilipolisikia nilicheka. Ninakaa Bukoba mjini, Miembeni, na kila mwaka nafungua boksi la mti wa plastiki huku jirani yangu, mama wa Kiislamu mwenye jicho kali la mapambo, akinisimamia na kunikosoa: taa imepinda, nyota imelala. Nikajiona fundi. Nikampigia Mama simu nikamwambia asiguse kitu, mwaka huu sebule ni yangu.

Nilifika nyumbani siku mbili kabla. Mama alishakata nyasi laini za kutandika sakafuni, zimelala kivulini zikinukia. Mapambo niliyamaliza siku ya kwanza. Nilitunga kahawa za kutafuna kwenye uzi, shanga kama sitini, nikazila kumi. Nilikata nyota kwenye maganda makavu ya mgomba na malaika kwenye maganda ya mahindi. Kilichobaki ni mti wenyewe, na hapo ndipo nilipokwama. Mvinje hatuna. Mgomba Mama alinikatalia hata kabla sijamaliza sentensi.

Asubuhi ya mkesha Mama alikwenda kanisani kusaidia kupamba altare. Nikachukua jembe, nikashuka mpaka mwisho wa kibanja, naimba nyimbo za Noeli kwa sauti ambayo kwaya iliwahi kuniomba niipunguze. Huko chini nikauona: mlamula umenifika kifuani, shina limenyooka, majani yamejipanga duara kichwani, ya kijani hasa. Ulikuwa peke yake pembeni. Nikaung'oa na mizizi yake ili usinyauke, nikauweka kwenye ndoo ya udongo, nikaubeba kichwani hadi nyumbani, najipongeza njia nzima.

Msomaji wa kwetu ameshashika kichwa. Kwa asiye wa kwetu nieleze: mlamula Uhayani si ua tu. Ndio mti wa kupanda mpakani. Watu wakigombea ardhi, wakapatanishwa, mlamula unapandwa mbele ya mashahidi, na ukishapandwa neno limekwisha. Kuung'oa ni kulianzisha upya. Mimi hayo yote nayajua tangu utotoni. Kosa langu ni kwamba niliamini mpaka wetu unaishia kwenye mtaro, hatua nyingi kutoka pale, na huu nikadhani umejiotea tu. Nilikuwa masomoni mwaka ule mpaka uliposogezwa. Sikuuliza, kwa sababu mtu anayejiona anajua kwao haulizi.

Mama alirudi saa saba. Aliingia sebuleni, akatabasamu alipoona nyota, halafu macho yakashuka kwenye shina. Akakaa chini kwenye nyasi, na kitenge chake cha kanisani.

"Umeutoa wapi?"

Nikamwambia.

"Mawe, mama yangu! Ule wa kona?"

Ule wa kona. Marehemu baba na jirani yetu wa chini waligombea kile kipande miaka mingi, wakafikia kutosalimiana hata kwenye misa. Mwisho wazee waliwakalisha, na wale wawili wakaushika mche mmoja kwa mikono yao, wakaupanda. Baba alifariki muda si mrefu baadaye. Wazee wale nao wamebaki wawili, na mmoja haoni tena.

"Baba yako hayupo," Mama akasema. "Shahidi wangu alikuwa mti huo. Leo umeufunga malaika."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na aibu haikuwa peke yake, ilikuja na hofu, kwa sababu mwenyekiti wa kamati ya kupita nyumba kwa nyumba alikuwa ni huyo huyo jirani. Saa kumi angesimama pale sebuleni, autazame mpaka wake umevaa shanga za kahawa. Yeye na Mama hawakuwa na ugomvi tena, lakini hawakuwa na mazungumzo pia. Salamu, basi. Mjane mwenye kibanja anajifunza kusoma kila kikohozi cha jirani, na Mama kila asubuhi alikuwa na tabia ya kushuka hadi kona ile, anasema anakwenda kutazama maharage.

Nikashika ndoo. Nikasema naurudisha sasa hivi, shimo bado liko wazi, hakuna atakayejua.

"Thubutu!" Mama akanikemea. "Mpaka haupandwi na mtu mmoja. Ukiurudisha mwenyewe ndipo utakuwa umeiba kweli. Twende tukamwambie."

Tukashuka. Mama mbele, mimi nyuma na ndoo yangu, malaika wa maganda wakicheza kwa kila hatua. Kumbe hata sikuwa nimeyavua mapambo. Nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, yote mabaya.

Tulipofika kona tukasimama. Shimo halikuwepo, limerudishiwa udongo. Mahali pake palichomekwa kipande kibichi cha mlamula, kimekatwa siku hiyo hiyo, utomvu bado unang'aa kwenye kovu.

Jirani alitokea kati ya migomba yake, panga mkononi. Mzee mrefu, suruali imekunjwa magotini.

"Shikamoo, tata," nikamsalimia kama baba.

"Marahaba. Wewe ndiye mwimbaji wa asubuhi?" Aliitazama ndoo, akautazama mti na nyota zake kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. "Nilikuita mara tatu mwanangu. Ukazidi kuimba."

Mama alianza kuomba radhi, akajikwaa katikati. Mzee akainua mkono.

"Niliogopa mvua," akamwambia. "Ingelisawazisha shimo, kesho mimi na wewe, waitu, ndugu yangu, tungebaki kubahatisha. Nikakata tawi kwenye mlamula wangu wa juu, nikalichomeka humo humo. Ila sijalikanyagia udongo. Nilikuwa nakungoja."

Mama aliinama akaangalia kutoka kwenye kile kijiti hadi mlamula wa pili uliojificha mbali kidogo kati ya migomba, kisha wa tatu, jicho moja amelifumba. Mimi pia niliangalia. Mstari ulikuwa umenyooka. Angeweza kukisogeza hatua mbili kuja kwetu, ile saa mimi natundika nyota na Mama yuko kanisani, na hakuna mtu aliye hai ambaye angeweza kumbishia kwa uhakika. Nikaanza kulia bila kujificha, ndoo bado nimeikumbatia.

Mama alivua viatu vyake vya kanisani. Akakanyaga udongo upande wetu, taratibu, kisha kwa nguvu. Mzee naye akakanyaga upande wake. Lakini udongo wa upande wetu ulikuwa ndio nilioutifua zaidi, na Mama ni mwepesi, ukawa haushiki.

"Pita huku, waitu," Mama akamwambia. "Una mguu mzito. Kanyaga na huku kwangu."

Mzee akasita, akautazama mguu wake, halafu akavuka.

"Wakola muno, asante sana," Mama akasema, na kuanzia asubuhi iliyofuata hakushuka tena kutazama maharage.