Chai ya Fundi Muthama

Fundi Muthama hamwamini mtu. Mimi Rael nimemuuzia chai hapa Dagoretti Corner tangu hajaota ndevu, na bado huinusa kwanza kabla ya kunywa. Kazi yake ni kutengeneza mizani za wauza nyama na wauza nafaka. Kibanda chake kina mlango mmoja na kufuli tatu.

Basi mwaka wa 2004 nikasikia amechukua mwanafunzi wa chuo, miezi mitatu ya atachimenti, ajifunze kazi kwa mikono. Nikajiambia, hapa kuna jambo. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa msichana wa Uthiru, Valarie, mpole, ovaroli yake imepigwa pasi. Tangu wiki ya kwanza akawa mteja wangu.

"Anti, chai ya fundi."

Saa nne anakuja. Saa tano amerudi. Siku nyingine anakuja mara tatu, na nikifungua flaski naikuta ingali nusu. Mimi pia ni mtu wa kushuku, sikatai. Nani anatuma chai juu ya chai?

Jumatatu moja alikuja na macho mekundu. Nikamketisha, nikamuuliza. Akafungua kile kitabu cha chuo ambacho mwanafunzi huandika kazi ya kila siku. Nikasoma: nimefagia, nimeleta chai. Kesho yake: nimeleta chai. Wiki nane nzima hivyo hivyo.

"Kuna skrubu chini ya mizani, anti. Ndiyo inayosawazisha uzito, ndiyo kazi yote. Akifika hapo tu, ananituma chai. Nikirudi, ameshafunga."

Mwalimu wake, Madam Nanyama, alikuwa amepita Ijumaa, akakisoma kitabu. Mwisho wa mwezi angerudi amwekee mizani mbovu mbele yake. Akishindwa kuitengeneza, anarudia mwaka, na nyumbani walishaambiwa anamaliza.

Mzee Dedan alikuwa kwenye benchi akisikia yote. Huyu ndiye aliyekuwa na kazi ya mizani hapa zamani, na Muthama alikuwa mwanafunzi wake. Muthama alipoiva, alifungua kibanda chake ng'ambo ya barabara na wateja wote wakavuka naye. Mzee akafunga. Tangu hapo hunywa chai kwangu toka asubuhi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nilikasirika, haki. Nikavuka barabara na aproni yangu, nikamkuta Muthama ameinamia mizani. Aliponiona akaifunika kwa gunia.

"Huyo msichana simuuzii chai tena," nikamwambia. "Ukitaka chai, uje mwenyewe."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Unamwogopea nini mtoto wa watu?"

Siku hiyo hakunywa chai. Ya pili pia hakunywa, nikaanza kuhofia kwamba nimemponza msichana. Nilijua anaweza kumfukuza.

Siku ya tatu, saa nne hivi, nikamwona Muthama anavuka barabara na flaski mkononi, shingo imegeukia nyuma. Mlango wa kibanda chake ulikuwa wazi.

"Nani yuko na mizani?" nikauliza.

"Valarie."

"Gunia?"

"Nimetoa."

Akasimama hapo kwangu bila kutulia, jicho kule kule. Flaski nilishaijaza, lakini haondoki.

"Umemwonyesha ile skrubu?" Mzee Dedan akamuuliza. Miaka kumi na mitano walikuwa hawajasemezana.

"Nimemwonyesha."

"Mimi sikukuonyesha."

"Najua, Mzee. Nilikuchungulia kwenye tundu la mlango."

Nikaacha kukanda unga wa mandazi. Mzee akapuliza chai yake.

"Na akifungua kibanda chake mbele yangu?" Muthama akauliza. Sijui alikuwa anamuuliza nani kati yetu.

Mzee Dedan akasogea kidogo kwenye benchi, akamwachia nafasi.