Nyuki wa Mbotela

Kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu wajulikane. Nilikuwa nimetangaza saluni, kwaya za kanisa na mafuta ya nywele, kwa hiyo binti mmoja aliponipigia simu kusema mamake anatibu magoti kwa nyuki, sikushangaa. Nilimuuliza tu kama mama anaweza kuongea redioni.

Mama aliishi mtaa wa Mbotela, Nairobi. Alikuwa Mkamba, mjane wa dereva wa lori, na kufuga nyuki alifundishwa na babake. Mizinga ilikuwa uani, nyuma ya kamba ya nguo. Alimkamata nyuki kwa kibano, akamweka kwenye goti linalouma, akangoja achome. Wagonjwa wake walikuwa majirani na akina mama wa soko la Gikomba wanaoinamia mitumba kutwa nzima. Baadhi walisema maumivu yamepungua. Wengine hawakurudi. Sikujua kama tiba ile inafanya kazi, wala sikudhani ilinihusu kujua.

Niliandika tangazo: "Nyuki anayeponya." Mama alilisoma, akavua miwani.

"Ondoa hiyo 'anayeponya'. Andika 'anayesaidia'."

"Mama, 'anayesaidia' haimvuti mtu."

"Basi asivutwe."

Nikaandika alivyotaka, nikampeleka redioni.

"Niaje shosho!" mtangazaji akamlaki kama anayemsalimu nyanyake. "Hizo nyuki zako haziumi?"

"Zinauma sana. Ungetaka zikubembeleze?"

Studio nzima ilicheka. Kesho yake foleni ilitoka langoni ikafika barabarani. Watu walikuja kutoka Huruma, Shauri Moyo, hata Thika. Nilipiga picha, nikazisambaza.

Kila aliyeingia, mama alimuuliza kama amewahi kuumwa na nyuki akavimba. Mwalimu mmoja wa nasari alisema hajawahi, na alisema kweli. Alipochomwa, midomo ilifura na pumzi ikaanza kukwama. Jirani aliwasha gari. Mama alipanda naye nyuma, miguuni ndala, akamshika kichwa njia nzima. Nilipofika hospitalini mwalimu alikuwa ameshadungwa sindano na anapumua vizuri. Mama alikuwa kwenye benchi la nje.

"Nitangazie kwamba nimeacha," aliniambia.

Nilijaribu. Nilimpigia yule mtangazaji.

"Ameacha? Sasa hapo stori iko wapi?"

"Watu wataendelea kwenda kwake."

"Si wataona mlango umefungwa?"

Magazeti hayakunijibu kabisa. Nilibandika makaratasi kwenye kuta za mtaa, nikaandika mtandaoni. Wapo waliosema madaktari wamemkataza kwa wivu, na hao wakazidi kumwamini.

Mama aliirudisha mizinga kwao Kitui, lakini watu hawakukoma kuja. Mama aliweka kiti mlangoni, akawa anamsimulia kila mgeni yaliyompata mwalimu, tangu mwanzo hadi sindano. Nilipita kumjulia hali nikamkuta akimsimulia fundi wa viatu, mzee aliyetembea kwa fimbo kutoka Shauri Moyo. Mzee alisikiliza bila kumkatiza. Aliposikia yote, alikunja suruali taratibu hadi goti likaonekana.

"Nimekuelewa, mama," akasema. "Kwani hakubaki hata nyuki mmoja?"