Pampu, Mpira na Kijiti cha Mama

Mimi ni mtu wa kuosha. Kwa miaka kumi na minne nimefanya kazi kwenye chumba cha kutakasia vyombo vya upasuaji, na nikisema mkasi huu ni safi, daktari anaushika bila swali. Ndiyo maana bia yangu ya kwanza ilipoharibika sikuhuzunika, nilikasirika. Ya pili ilipoharibika nilikosa usingizi. Ya tatu ilipotoka kwenye ndoo ikinuka maziwa yaliyolala, nilianza kutafuta wa kulaumiwa, na katika nyumba yetu ya mtaa wa Pioneer hapakuwa na wengi wa kuchagua. Mume wangu haingii jikoni ila kutafuta chumvi. Alibaki mama yake.

Mama alikuja kwetu kutoka Turbo mvua zilipoanza, baada ya kuteleza kwenye zizi na kuumia nyonga. Alikuja na begi moja la nguo, vibuyu vitatu vya mursik, yale maziwa ya kugandisha, na kijiti chake cha kuvioshea, ambacho watu wake hukiita sosiot. Ni ufito mwembamba wa mtende, mrefu, unaopinda bila kuvunjika, na ncha yake imepondwa ikawa nyuzinyuzi kama mswaki. Kila wiki alisugua kibuyu kwa kijiti hicho, akakipaka ndani makaa ya mti anaoujua yeye, akamimina maziwa aliyochemsha na kupoza, akafunga. Baada ya siku kadhaa mume wangu alikunywa huku amefumba macho. Mimi nimelelewa na wenye duka waliohamia hapa kutoka upande wa kati, watu wa chai asubuhi na jioni, lakini mursik ya Mama niliipenda. Sikuwahi kumwambia.

Bia niliianza kwa sababu siwezi kukaa bure. Siku nikiwa sina zamu, nyumba hunibana. Shayiri inalimwa hapa hapa nje ya mji, nikapata kimea, nikapata hamira, nikanunua ndoo yenye mfuniko na pampu ndogo mpya, ya aina ya kuhamishia maziwa, nihamishie bia, pamoja na mpira wa maji mweupe unaoonyesha kinachopita ndani. Wanaodhani bia ni mapishi wamepotea. Bia ni kuosha. Maji baridi kwanza, kisha maji moto yenye magadi, kisha klorini, pampu ikinguruma na mpira umejaa mpaka mdomoni. Halafu unauning'iniza ncha zote mbili zikitazama chini, maji yasipate pa kulala. Yote hayo niliyafanya, nikayarudia. Ndoo ikishafungwa sikutulia. Nilikwenda kuitazama kabla ya chai na baada ya chai, nikaweka sikio kwenye mfuniko, nikarudi, nikakumbuka sikunusa, nikaenda tena.

"Utaizoeza vibaya hiyo ndoo," mume wangu alisema. "Itataka kubebwa."

Sikucheka. Baada ya ile ya tatu nilimgeukia Mama tukiwa mezani.

"Mama, hizi vibuyu zinaweza kukaa stoo?"

"Stoo? Zimefanya nini?"

"Kuna vijidudu vya kugandisha maziwa. Kwa maziwa si vibaya, lakini vinaingia kwa bia yangu vinaharibu."

"Vijidudu," alisema, akilionja hilo neno.

Aliinuka akapeleka vibuyu stoo kimoja kimoja, akishika ukuta kwa mkono wa pili kwa sababu ya nyonga. Safari tatu. Kijiti alikipeleka mwisho. Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake na sikuinuka kumsaidia, na hilo linaniuma mpaka leo kuliko mengine yote.

Kisha na mursik yake ikakataa kuganda. Nilimwona akifungua kibuyu, akinusa, akinusa tena, halafu akitoka nyuma ya nyumba kumwaga. Haikuwa mara ya kwanza kumwona akimwaga, lakini sasa alifanya kwa siri, akichungulia kwanza kama kuna mtu. Wiki iliyofuata akamwaga tena. Wiki ya tatu hakuchemsha maziwa kabisa. Siku ya Jumanne, tukila ugali, akasema Jumamosi anarudi Turbo.

"Kwa nini, Mama?" mume wangu akauliza. "Hiyo nyonga bado."

"Nimekaa ya kutosha."

Huko Turbo hana mtu wa kumchotea maji. Kuni ziko mbali, na ng'ombe wake, anayetunzwa na jirani, angerudishwa kwake. Sote watatu tulijua hivyo. Mume wangu alinifuata chumbani akafunga mlango.

"Umemfukuza mama yangu juu ya ndoo ya pombe."

"Sijamfukuza. Nilisema vibuyu."

"Na yeye ni nani bila hizo vibuyu?"

Bado nilikuwa na ndoo ya nne. Niliiomba ile ndoo itoke nzuri, nikiomba kabisa, kama mgonjwa anayesubiri majibu, kwa sababu ikitoka nzuri nitakuwa nilisema kweli, na mtu aliyesema kweli anaweza kuomba msamaha kidogo tu. Vibuyu vilikuwa stoo, mlango umefungwa, nimepiga deki jikoni mara mbili. Ijumaa asubuhi nikafungua. Uchachu ule ule ukanipiga puani.

Nilizunguka uani sijui mara ngapi. Halafu nikachukua bisibisi, nikakaa kwenye ngazi ya veranda, nikaifungua pampu yote. Niliwahi kuiosha mara nyingi, lakini kuifungua hapana, maana ilipitisha maji vizuri. Nikatoa mfuniko, nikatoa kifeni cha ndani, nikabandua kwa ukucha ile washa, pete ya mpira ya kuzuia kuvuja. Chini yake palikuwa na utelezi mweupe, na ndani ya utelezi, uzi mmoja wa mtende, mweusi kwa makaa.

Niliujua uzi ule kabla ya kuushika. Brashi ndefu ya kuingia kwenye mpira niliitafuta mji mzima nikaikosa. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya kutengeneza bia, Mama akiwa kanisani, nilichukua sosiot yake msumarini. Iliingia kwenye mdomo wa pampu na kwenye mpira kana kwamba imetengenezewa kazi hiyo. Nikasugua, nikafurahi. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtu msafi, nikaichovya kwenye klorini na kuirudisha pale pale. Nikafanya hivyo kila nilipotengeneza bia. Hata vibuyu vilipohamia stoo, nilikwenda stoo kuichukua. Kibuyu nilikiona kichafu. Kijiti nilikiona chombo cha kuoshea, na chombo cha kuoshea sikukishuku hata siku moja. Kumbe ndicho kilichobeba maziwa ya Mama mpaka chini ya washa, na klorini haiui kilichojificha ndani ya uchafu. Hilo ndilo somo la kwanza ninalowafundisha wageni kazini. Nawafundisha kwa sauti kubwa.

Halafu nikafikiria upande wa pili. Kijiti kilichonywa klorini, kikirudi kusugua kibuyu. Nikaiacha pampu ngazini, nikaingia ndani.

Mama alikuwa chumbani kwake akifunga begi kwa kamba ya katani, maana zipu ilikuwa imekufa. Nilisimama mlangoni na ule uzi kiganjani.

"Mama, nilichukua sosiot yako."

"Lini?"

"Kila mara. Ya kusugua pampu na mpira. Halafu nikaiweka dawa, nikarudisha bila kusema."

Aliacha kamba. Akanyoosha mkono, nikampa uzi, akautazama karibu na dirisha.

"Ile dawa inanuka kama maji ya hospitali?"

"Ndiyo hiyo."

"Nilisikia hiyo harufu kwa kijiti. Nikasema, ni pua yangu imezeeka."

"Si pua yako, Mama. Hiyo dawa ndiyo ilikataza maziwa. Na maziwa yako ndiyo iliharibu bia, lakini ni mimi nilipeleka huko. Nisamehe. Nilikukosea, tena nikakuhamisha jikoni kwa makosa yangu."

Nilitarajia anigombeze, na nilitaka anigombeze. Alikaa kitandani polepole akitanguliza upande usioumia.

"Mama yangu alipozeeka," alisema, "maziwa ilianza kukataa mkono yake. Mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu walichukua vibuyu wakapea bibi ya ndugu yangu. Hakuna mtu alimwambia kitu mbaya. Walichukua tu. Aliacha kuongea kama mtu wa hiyo nyumba." Alikuwa akiuzungusha uzi kati ya vidole. "Mimi nikasema, wacha niende Turbo, mtoto yangu asione hiyo siku."

Kwa hiyo hakuwa anakimbia mdomo wangu. Mdomo wangu alikuwa ameuvumilia. Nilikaa sakafuni karibu na begi.

Akageuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganjani, akautazama mgongoni.

"Kwa hivyo mkono yangu bado iko sawa?"

"Iko, Mama."

"Hujasema hivyo juu ya huruma?"

"Mimi? Uliza mtoto wako kama nimewahi kusema kitu juu ya huruma."

Hapo akacheka, kicheko kifupi, akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Alisema kijiti cha zamani nibaki nacho na mabomba yangu, yeye atatafutiwa kingine. Nikamfungulia kamba ya begi. Kisha nikaenda stoo, nikarudisha vibuyu jikoni kimoja kimoja, safari tatu, naye akiwa amesimama kwenye mlango wa jikoni akinionyesha kila kimoja kikae wapi.