Cheti kwa Jina la Mama

Kila alfajiri, kabla ya kunawa uso, Mwaisha alishuka na kikapu kitupu mpaka mwisho wa shamba lake la Towero, akakijaza udongo ulioporomoka, akaupandisha na kuumwaga juu kabisa, kwenye kichwa cha shamba. Kikapu kimoja tu, kila siku. Mvua ya Uluguru ilishusha, yeye akapandisha. Mama yake, Mwajuma, alifanya hivyo hivyo, na bibi yake kabla ya hapo. Ndiyo maana migomba yake ya juu ilinenepa sawa na ya chini, jambo ambalo majirani walilisifu sana bila yeyote kuinama na kuliiga.

Binti yake Rosa alikuwa ameolewa na Fransisko, seremala wa misheni, akahamia huko chini karibu na mji. Rosa alifundishwa kusoma na kuandika na mapadre, na alisoma kila karatasi iliyomfikia mkononi, hata ile iliyofungiwa misumari ya mumewe. Lakini alikuwa mtu wa haya. Mbele ya watu zaidi ya watatu sauti ilimkauka kooni. Mama yake alilijua hilo vizuri, na bado kila aliposhuka bomani mwaka ule alimpitia misheni wafuatane.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi lifike Morogoro. Zamani cheti cha kodi kilikuwa karatasi tu ya kuonyesha kwamba umelipa. Jumbe alihesabu nyumba, basi, hakuna aliyeuliza umezaliwa na nani. Sasa ikaja amri mpya. Kila mtu mzima awe na cheti chenye jina lake, jina la baba yake na mahali anakotoka. Asiye nacho asiingie sokoni, na akikutwa barabarani achukuliwe akapalilie mashamba ya Wazungu siku thelathini. Juu ya hayo, majina ya kwenye vyeti yangeandikwa katika kitabu cha ardhi. Shamba lisilo na mtu kitabuni lingehesabiwa kuwa pori, na pori ni mali ya serikali. Watu wa Towero walijua pori hilo lingepewa nani. Mzungu mmoja aliyetaka kupanda kahawa alikwisha kupita mlimani mara mbili na mnyororo wa kupimia, akisimama hapa na pale kutazama migomba ya watu kana kwamba haipo.

Uwanja wa boma ukajaa. Watu walilala Bigwa ili wawahi mstari, wakafika wakakuta wengine wamelala Kilakala, karibu zaidi. Kuku walioletwa sokoni walikatazwa kuingia pamoja na wenyewe, wakawa wanataga chini ya ukuta wa boma. Mzee mmoja wa Mbete alirudishwa mara tatu, kwa kuwa jumbe alimwandika kwa jina la utotoni naye mbele ya karani akajitaja kwa jina alilopewa jandoni.

"Bwana karani, wote wawili ni mimi," alisema yule mzee.

Karani akamwambia achague mmoja, mwingine amwache nyumbani. Watu walicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Mzee alikuwa ametembea tangu jana yake.

Karani mwenyewe aliitwa Yunusi, kijana wa Pangani mwenye kanzu safi na mwandiko wa kupendeza. Hakuwa mtu mbaya. Alipewa karatasi zenye mistari mitatu, naye alitaka kuijaza mistari mitatu, jioni aende zake. Kwao pwani mtu ni wa baba yake, na hakuwahi kusikia jambo jingine.

Zamu ya Mwaisha ilipofika aliulizwa jina, akasema Mwaisha. Akaulizwa ni binti nani.

"Binti Mwajuma."

Karani aliinua macho. "Mwajuma ni mwanamke."

"Ndiyo, bwana. Ndiye aliyenizaa."

Nyuma yake mtu akasema mama huyu ana bahati kuzaliwa na mwanamke, wengine walizaliwa na majumbe. Karani hakucheka. Akauliza tena, pole pole, kama anayesema na mgonjwa, baba yake alikuwa nani. Mwaisha hakuficha. Baba yake alikuwa Mwinjuma, mtu wa Mgeta, aliyekuja Towero kuoa, akalima shamba la mkewe mpaka alipofariki. Kabla hajamaliza kueleza, kalamu ilikwisha kupita, muhuri ukapigwa, na karatasi ikasukumwa mbele yake.

Rosa aliisoma kwa kunong'ona: Mwaisha binti Mwinjuma, wa Mgeta.

Mwaisha aliishika karatasi ile kwa mikono miwili, akairudisha mezani. Akaeleza, bila kupandisha sauti, kwamba kwao mtoto ni wa lukolo, yaani ukoo wa mama. Ardhi hutoka kwa mama ikaenda kwa binti. Baba humpa mtoto jina, naye huheshimiwa kwa hilo, ila hampi udongo, maana pale kwa mkewe udongo si wake. Akiandikwa mtu wa Mgeta, Towero kitabuni hapatakuwa na mtu, na shamba alilolima mama yake litakuwa pori siku hiyo hiyo.

"Amri inasema baba," alijibu karani.

"Basi nitarudi," alisema Mwaisha.

Ndizi zake ziliiva zikawa nyeusi. Bila cheti soko lilikuwa limefungwa kwake, akauzia majirani kwa bei ya kutupa, kisha akawa anagawa. Fransisko, mkwe mwema, alimwambia kwa adabu zote kwamba karatasi ni karatasi tu. Aichukue, auze ndizi zake, mambo ya kitabu yatajulikana mbele. Rosa moyoni alikubaliana na mumewe. Yeye mwenyewe kwenye kitabu cha ubatizo aliandikwa kwa jina la baba, na siku zile alikuwa ameanza kujiuliza kama bado ana chake huko mlimani, au amekwisha kuwa mtu wa misheni na mambo yamekwisha.

Safari ya pili Mwaisha alikwenda na mjomba wake Maneno, mkubwa wa ukoo. Hakuna mtu aliyefyeka kichaka upande ule wa mlima bila ruhusa ya Maneno. Nyonga ilimsumbua, hivyo walishuka wakipumzika kila kijito. Mbele ya meza mzee alijinyoosha, akasema yeye ndiye mwenye kuijua ardhi ile na watu wake, na huyu ni mtoto wa dada yake.

Karani alisema mjomba si baba. Hata wakija wajomba kumi, mstari wa pili wa karatasi unataka baba, na kama baba amekufa, mtu wa upande wa baba aje athibitishe huyu mama ni wa wapi. Kisha akamwomba mzee asogee, anazuia mstari.

Maneno akasogea. Njia nzima ya kurudi Rosa aliyekuwa nyuma yake aliona jinsi alivyoishika fimbo, kama mtu aliyepokonywa kitu barabarani mchana kweupe. Hilo lilimuuma Mwaisha kuliko ndizi. Walipofika kwa mzee alimwekea kigoda, akampa maji, akasema, "Mjomba, ametaka mtu wa upande wa baba. Nitamletea."

Mgeta ni mwendo wa siku mbili kwa njia ya Mlali. Rosa aliwaacha watoto kwa mama mkwe wake, wakaondoka wawili, wakipita vichochoroni kukwepa askari, maana Mwaisha hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Mara mbili walilala chini kwenye nyasi huku askari wakipita barabarani wakiongea habari za chakula. Mwanamke mwenye wajukuu kujificha kama mwizi wa kuku, katika nchi aliyozaliwa! Rosa alikasirika. Mama yake alijipangusa nyasi, akaendelea kutembea.

Shangazi Pili, dada yake marehemu Mwinjuma, walimkuta anapukuchua maharage. Alipokea shikamoo zao, akawasikiliza mpaka mwisho bila mikono yake kusimama.

"Sasa huyo kijana anataka kutupa sisi mtu ambaye si wetu?" aliuliza. "Na hao wa Towero watabaki na nini?"

Akauliza kama huko bomani wageni hupewa chakula. Aliposikia hawapewi, alifunga maharage yake kwenye kitambaa, akasimama. Alikuwa mzee kuliko Maneno, lakini miguu yake ilikuwa mizima, na yeye, tofauti na Mwaisha, alikuwa na cheti.

Siku ya tatu tangu watoke Mgeta walikuwa mbele ya meza. Karani alifurahi kuona hatimaye ameletewa aliyemtaka. Akamketisha bibi kwenye sanduku, akamuuliza kama anamfahamu mama huyu.

"Namfahamu. Ni mtoto wa kaka yangu Mwinjuma. Mimi ndiye niliyempeleka kaka Towero siku ya harusi."

"Vizuri. Kwa hiyo ni mtu wenu wa Mgeta."

"Hapana. Si wetu."

Kalamu ilisimama. Karani aliangalia kulia na kushoto, akainama mezani na kusema kwa sauti ya chini, "Bibi, unamkana mtoto wa ndugu yako mbele za watu?"

"Nani anamkana, mjukuu wangu? Namrudisha kwao. Sisi tulimpa jina. Lakini kwetu hana hata pa kuchomeka jembe, na ukimwandika wa kwetu utakuwa umemwibia mama yake na kutubebesha sisi mali ya wizi. Ni wa Mwajuma, wa Towero. Ulitaka upande wa baba. Mimi ndio upande wa baba. Andika."

Yule mzee wa Mbete, aliyerudi kwa mara ya nne, aliguna kwa kuridhika.

Karani alifadhaika. Kwao Pangani, mtoto anayekataliwa na shangazi hadharani ana maana moja tu, kwamba ni mwana haramu, na hiyo ni aibu kubwa. Rosa aliliona hilo usoni pake, na aliona pia kwamba watu wote waliosimama uwanjani walilisikia kwa namna nyingine kabisa. Kwao bibi alikuwa ametoa heshima, tena kubwa. Hakutamani cha watu.

Karani hakuwa na pa kukimbilia, kwa sababu shahidi alimtaka mwenyewe. Akaandika pole pole, akapiga muhuri. Kisha kwa huruma ya kweli akakikunja cheti mara mbili ili jina lisionekane, akampa Mwaisha kwa mkono wa chini ya meza.

Mwaisha alikipokea, akakikunjua. Akakinyoosha kifuani pake kwa kiganja. Halafu akageuka akampa Rosa.

"Soma," alisema. "Kwa sauti, wote wasikie."

Rosa aliangalia watu. Walikuwa zaidi ya mia. Akafungua kinywa na hakikutoka kitu, na mama yake akamngoja tu, bila kumhimiza wala kumsaidia, kama angeweza kungoja hivyo mpaka jua lizame. Mjomba Maneno, ambaye hakuna aliyejua amefikaje, alikuwa amesimama kando ya ukuta, ameegemea fimbo yake.

"Mwaisha," alianza Rosa, na sauti ikakatika. Akaanza tena. "Mwaisha binti Mwajuma, wa Towero."

Mtu wa nyuma akasema hakusikia. Rosa akasoma mara ya pili, na safari hii sauti yake ilifika mpaka kwa askari wa langoni, akageuka kutazama. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mwanamke aliyefuata kwenye mstari alisogea mezani, akaweka mikono yake miwili juu ya meza, akasema yeye naye aandikwe kwa mama yake, na shangazi yake yupo hapo nyuma, ana kikapu cha mayai. Baada yake yule mzee wa Mbete akatangaza kwamba majina yake mawili yana mama mmoja. Karani Yunusi aliweka kalamu chini, akajifuta jasho, akaagiza karatasi nyingine.

Waliupanda mlima wote wanne, taratibu, kwa ajili ya nyonga ya Maneno. Shangazi na mjomba walikuwa mbele wakitaniana, bibi akidai alipwe mbuzi kwa kuwalindia mali yao, mzee akimwambia mbuzi wa Towero hawali maneno ya Mgeta. Rosa alikuwa nyuma na mama yake. Walipofika kwenye daraja la miti akamuuliza.

"Mama, karani angeweza kusoma, na unajua naona haya. Kwa nini ulitaka nisome mimi?"

Mwaisha alimpisha atangulie darajani.

"Nilitaka watu wakuone," alisema. "Baada yangu, shamba ni lako."