Sheha Aliyetazama Midomo

Maneno yalianza bombani. Mama alikwenda kuchota maji, akarudi na ndoo nusu na uso umemwiva kwa hasira. Baba hakuwapo, kwa hiyo niliyemwagiwa ni mimi.

"Wanasema baba yako anawatazama midomo."

"Nani?"

"Wanawake! Wakija na shida zao, hainamishi macho kama mtu mwenye haya. Anawakodolea midomo mpaka wanasahau walichokijia."

Nilikuwa nimetoka mjini Unguja, mtaa wa Ng'ambo, ninakoishi na mume wangu, kuja kuwatazama wazee kama nilivyozoea kila Ijumaa. Kijiji chetu kiko ndani kidogo ya barabara, ukishaipita Bububu, na baba alikuwa sheha wake. Kwa asiyejua, sheha ndiye serikali ya karibu kuliko zote. Mtoto akizaliwa, mtu akifa, jirani akisogeza mpaka, mguu wa kwanza ni kwa sheha. Kabla ya hapo baba alikuwa mwanajeshi. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana wa mizinga, akarudi mzima, hana hata mkwaruzo, na watu wakasema dua za mama yake zilipokewa. Alipostaafu akarudi kwenye konde la marehemu babu, akalima mihogo na ndizi, na kijiji kikampenda kwa sababu hakuwa na haraka. Watu wawili wakigombana aliwaacha wote waseme mpaka wachoke, ndipo afungue kinywa.

Lakini mwaka ule alikuwa amebadilika. Baada ya laasiri hakai tena barazani na wenzake. Simu inalia mfukoni, anaiacha ilie. Au anaitoa, anaitazama, anaizima. Ukimuuliza jambo anajibu jingine. Mama aliyakusanya yote hayo moyoni, siku moja akayatoa:

"Mwanamme anayeikimbia simu yake mbele ya mkewe ana jambo. Baba yako kaoa."

"Mama, kwa umri ule?"

"Umri umewahi kumzuia nani?"

Sikubishana naye. Na mimi nilikuwa nshaanza kumtazama baba kwa jicho la pembeni.

Hapo ndipo likaja la kiwanja. Nyuma ya skuli palikuwa na uwanja wa kijiji, watoto wanacheza mpira, wanawake wanaanika nazi na mihogo. Asubuhi moja lori likamwaga mawe na mafundi wakaanza kuchimba msingi. Mwenye mawe alikuwa mfanyabiashara wa mjini aliyeoa kijijini kwetu. Watu walipomvaa, hakutahayari hata kidogo.

"Nilimuomba sheha, akanikubalia," alisema. "Mbele za watu, siku ya arusi ya shemeji yangu. Waulizeni waliokuwapo."

Wakaulizwa. Wazee wawili wakasema ndiyo, walimuona sheha akitikisa kichwa kuitikia. Mmoja akaongeza kuwa alitabasamu.

Baba alipoulizwa alisema, "Sikumbuki."

Neno hilo lilimmaliza. Angesema "Mwongo huyo," watu wangegawanyika, nusu wangekuwa upande wake. Lakini "sikumbuki" ni neno la mtu anayeficha. Lisemwalo lipo, wakasema, kama halipo laja. Salamu zikawa fupi. Akipita, watu waliozoea kumpa "Shikamoo sheha" ndefu ya heshima wakawa wanaitupa kama maganda. Kuna asubuhi alikuta migomba yake ya pembeni imefyekwa, na mikungu michanga imeachwa chini ioze. Hakumuuliza mtu. Lakini na yeye akaanza kushuku. Akiona watu wamesimama wanazungumza anamgeukia mama: "Wanasema nini wale?" Mama anamjibu, "Wanasema habari za mvua," naye anamtazama kama mtu anayepewa pesa bandia.

Mimi nauza vitambaa katika duka moja la Mlandege, mjini. Siku moja ya kazi, baba alikuwa amemwambia mama anashinda kondeni. Nikanyanyua macho, nikamuona anapita nje ya duka letu na kofia yake na kanzu safi. Nikatoka mbio.

"Baba!"

Hakugeuka. Nikaita tena, watu wakanitazama, mwenye mkokoteni akanitazama, baba hakugeuka. Akaingia kichochoro kilicho baina ya maduka mawili, akapanda ngazi. Juu mlango ukafunguliwa na mwanamke aliyevaa mtandio mweupe. Akamkaribisha kama anamjua siku nyingi. Mlango ukafungwa.

Nilisimama pale chini. Kilichoniuma zaidi si yule mwanamke. Ni kwamba nilimwita kwa sauti ya mtoto wake, akakaza shingo akaenda zake.

Sikumwambia mama. Ijumaa ilipofika nilikwenda moja kwa moja kondeni. Baba alikuwa ameinama anapanda mihogo, kanipa mgongo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu njia nzima. Nikasimama karibu naye kabisa, nikaita, "Baba."

Kimya. Hapakuwa na gari wala redio.

"Baba!"

Kunguru aliruka kutoka mnazini. Baba akaendelea kufukia kipande chake cha muhogo. Nikaita mara ya tatu, kwa nguvu mpaka koo likauma, na wakati huohuo kivuli changu kikafika kwenye jembe lake. Akaruka! Akageuka na jembe limenyanyuliwa, macho makali, macho ya kijana wa vitani nisiyewahi kumjua. Kisha akanitambua. Macho yakatulia, yakashuka, yakakaa kwenye mdomo wangu.

Nikauvuta mtandio nikafunika mdomo. "Baba, husikii?" nilisema polepole.

Akautazama mtandio.

"Ondoa nguo mdomoni," akasema.

Tukakaa chini palepale, juu ya magunia. Alinieleza huku akitazama mikono yake. Sikio la kushoto lilikufa zamani, tangu vitani. "Tulikuwa tunaambiwa tuzibe masikio kwa vidole," alisema, "na vidole vyenyewe vina kazi." La kulia lilimsitiri miaka yote, sasa nalo linazimika. Nilipomuuliza habari za yule mwanamke wa Mlandege, akasema ni mpimaji wa masikio. Baba akatoa leso mfukoni, akaifungua. Ndani mlikuwa na kifaa kidogo cha rangi ya ngozi.

"Mbona hukivai?"

"Kinavuma kama nzi ndani ya chupa. Halafu watu watakiona. Nani atampelekea kesi sheha kiziwi?"

"Na arusini?"

"Ngoma zinapigwa, mtu kaniinamia, kasema neno. Nlidhani ananipa salamu za arusi. Nikatikisa kichwa."

"Mama anaamini umeoa."

Nilikuwa nimemuelekea, akalipata lote. Alicheka mpaka akafuta macho, na nilipomtazama vizuri sikuwa na yakini tena kama ni kicheko.

Tulimweleza mama yote, hakukubali kirahisi. Alikigeuzageuza kile kifaa, akakiweka sikioni mwake, akakitoa. "Na huyo wa mlangoni?"

"Ndiye anayepima."

"Tutakwenda sote."

Wakaenda. Mama aliporudi alisema tu kwamba yule bibi ana adabu zake, na tangu siku hiyo suala la mke halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Kijiji kilikuwa kazi nyingine. Baba aliitisha mkutano uwanjani, palepale penye mawe. Mama alimkataza, mimi nilimkataza. Alisimama, akatoa kifaa mfukoni, akakinyanyua watu wakione.

"Masikio yangu nimeyaacha vitani," alisema. "Arusini niliona mdomo ukicheza, sikusikia neno. Nisichokisikia sikukikubali."

Mnong'ono ukapita. Mzee mmoja, mmoja wa wale walioona kichwa kikitikiswa, akasema kwa sauti ya wote, "Uziwi umekuja kwa wakati mzuri." Watu wakacheka. Baba akawatazama mmoja mmoja, akijaribu kujua wanachekea nini.

Ndipo mwanamke mmoja aliyekaa nyuma yake akasimama. Alikuwa mmoja wa wale wa bombani. Akamkaribia mgongoni, akasema wazi, bila kupunguza sauti:

"Sheha, nyumba yako inaungua moto."

Watu wote tuligeuza shingo kutazama kwetu; hapakuwa na hata moshi. Hata mfanyabiashara aligeuka. Baba peke yake alibaki anatazama mbele, kifaa kimenyanyuliwa, anangoja watu wanyamaze aendelee kusema. Wengine walianza kucheka tena, kisha kicheko kikakatika, na yule mwanamke akarudi kukaa huku anajifuta uso kwa pembe ya kanga.

Baba alikwenda wilayani, mama ubavuni mwake akimrudilia maneno. Ujenzi ukasimamishwa, lori likaja likayachukua mawe. Siku hiyohiyo aliomba apumzishwe usheha, na akapumzishwa. Sasa ni mkulima tu. Sheha mpya humjia kuuliza mipaka ya zamani, na baba humkalisha panapoingia mwanga, uso kwa uso, akamtaka aseme tena na tena. Yule mfanyabiashara bado humsalimu. Baba humwitikia, ila kichwa hakitikisi.

Lakini wapo wanaoamini mpaka leo kwamba alikula pesa za yule mfanyabiashara, na kwamba masikio ni hadithi. Juzi juzi mama mmoja wa shamba aliingia dukani kununua kitambaa cha buibui. Alinijua ni mtoto wa nani. Akapapasa kitambaa, akauliza bei, halafu akaniinamia.

"Eti ni kweli baba yako hasikii?"

"Kweli, mama."

Akatazama huku na huku. "Hata kidogo?"

Nilimtazama usoni nijue anauliza kwa huruma au katumwa kuchunguza. Sikuweza kujua. Nikamwambia kitambaa kile ni kizuri, hakichuji rangi, nikaanza kumpimia.