Sauti Kutoka Banda la Kuni

Redio ya mama hushika AM peke yake, na huku kwetu Kaplong stesheni aliyoizoea ilinyamaza zamani. Yeye hakukubali. Kila asubuhi aliiwasha pale pale na kusikiliza mvumo mtupu, kana kwamba mtangazaji ametoka kidogo na atarudi. Mimi hutengeneza redio na simu, hiyo ndiyo kazi yangu, na jambo hilo lilinikera. Nikaamua kumjengea mtambo mdogo wa kurusha matangazo, wenye nguvu ya kutoka banda la kuni hadi jikoni tu, apate nyimbo zake za kanisa.

Nilizungushia waya wa shaba kwenye kipande cha paipu ya maji, nikang'oa kifaa cha kutafutia stesheni kwenye redio mbovu, nikavuta antena hadi juu ya mkaratusi. Waya wa ardhini niliuzika karibu na tangi, penye unyevu. Alasiri moja ya ukungu, wakati hata majani chai ya nyuma ya ua hayaonekani, nikaanza kukizungusha kile kifaa, nikitafuta pale ilipokuwa stesheni ya mama. Redio ndogo niliyoweka kando ilikuwa ikivuma, kisha ghafla ikawa kimya. Fundi yeyote anakijua kimya hicho: mtambo umefika, unangoja neno.

Neno nililolitia kwenye maikrofoni lilikuwa la kawaida. Nilihesabu kwa Kikipsigis: "Akenge, aeng', somok..." Nilivuta kila neno, kwa sababu sijui kuhesabu vingine. Ndivyo marehemu baba alivyohesabu ng'ombe mnadani Mulot, na mimi nilijifunza kwake.

Mke wangu akaja mbio, mtoto wetu mchanga mikononi. "Umefanya nini? Mama amewasha redio yake, sasa amenirudishia mtoto. Anasema huyu si mzee."

Mtoto huyu alipozaliwa, wanawake wazee wa ukoo walikaa naye na kutaja majina ya marehemu wetu moja moja hadi akapiga chafya. Alipiga kwa jina la baba. Basi huyo ndiye aliyerudi. Sisi ni watu wa kanisa, lakini hilo hatujaliacha. Mke wangu, ambaye wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuma chai Kericho, alicheka mwanzoni. Kisha akamwona mama, ambaye tangu mazishi alikuwa hali vizuri wala haongei, akimbeba mtoto na kumgombeza: "Mzee, unatoka nje tena bila sweta?" Akaacha kucheka. Mtoto ndiye aliyetuokolea mama.

Nilimkuta mama jikoni, ameketi mbali na redio, mikono kaificha ndani ya leso.

"Mtu hawezi kuwa kwa mtoto na bado anahesabu ng'ombe kwa redio," alisema. "Ako nje, kwa ukungu. Na huyu mtoto ni tupu. Ugonjwa itampata."

Nilimpeleka bandani, nikahesabu mbele yake ili aone hakuna uchawi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanitazama kwa huruma.

"Najua ni mdomo yako. Mimi sio mjinga. Lakini nani alikuwa anahesabu?"

Niliogopa, na hofu ikanitia hasira. "Basi mwite tena!" nikasema.

"Nitamwita hapa hapa. Alipitia hapa, atasikia hapa. Wewe toka, hii si kazi ya wanaume."

Siku mtoto alipozaliwa, walioita walikuwa shangazi zangu. Mama alikaa kimya, kwa maana mke wa kizazi chake hataji jina la mumewe. Miaka yote alimwita baba ya watoto.

Tulikaa jikoni, mimi na mke wangu, mtoto mapajani, redio mezani. Kimya kile kikaja tena. Kisha ikatoka sauti ya mama, nyembamba, ikitaja jina la baba. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akalitaja tena, na tena. Mtoto aliikazia redio macho. Mke wangu, ambaye haamini mambo haya, alikuwa amenishika mkono kwa nguvu hadi kucha zake zinaniuma.

Mtoto akapiga chafya.

"Kimbia umwambie!" mke wangu alisema huku akilia.

Mtambo ule ulirusha tu, haukupokea. Mama hakuwa na njia ya kujua. Nilifika mlangoni mwa banda nikasimama. Sasa hakuwa akimwita kwa ajili ya mtoto. Alilitaja jina lile polepole, akamwuliza huko aliko anakula nini, na kwa nini aliondoka bila kumwambia. Nilijua nikifungua banda hatalitaja tena maisha yake yote. Nikabaki pale mlangoni. Mtoto ameshapiga chafya, na mama bado anaita.